Pembetatu Zinazofanana na Migeuzo Inayothibitisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi ninaosoma nao hesabu hapa Kisumu, wengine kwa simu kutoka Nakuru na Kakamega, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto wao jioni wakafika mahali pa kukwama. Ukiona nambari ya swali lingine ndani ya jibu, lirukie. Sitarudia maelezo mara mbili.

## Misingi

1. Kusema pembetatu mbili "zinafanana" ni kusema nini hasa?

Ni kusema zina umbo lile lile, hata kama moja ni kubwa na nyingine ndogo. Pembe zao ni sawa, kona kwa kona, na pande zinazooana zina uwiano mmoja. Pembetatu ya sentimita 3, 4 na 5 inafanana na ya sentimita 6, 8 na 10, kwa kuwa kila upande umezidishwa kwa 2. Haifanani na ya sentimita 5, 6 na 7, ingawa hapo pia kila upande umeguswa na 2. Hiyo ni 2 ya kuongeza, na kuongeza huharibu pembe.

2. Migeuzo inaingiaje hapo?

Mgeuzo ni kanuni inayochukua kila nukta ya mchoro na kuipa mahali papya. Kwa kazi yetu tunahitaji minne. Usogezaji hubeba mchoro mzima upande mmoja bila kuugeuza. Mzunguko huuzungusha kwenye nukta moja isiyosogea. Uakisi huupindua kwenye mstari wa kioo. Ukuzaji huutanua au kuupunguza kutoka kwenye kitovu, kwa kizidishi fulani.

Mitatu ya kwanza haibadilishi urefu wa upande wowote. Ukuzaji peke yake ndio unaobadilisha urefu, na hata huo hauzigusi pembe. Kwa hiyo pembetatu mbili zinafanana ikiwa unaweza kuichukua moja, ukaipitisha kwenye migeuzo hiyo, ikaishia kuifunika nyingine bila kupungua wala kuzidi. Ukiipata njia hiyo, umethibitisha. Huhitaji kuipima tena pembe hata moja.

Fikra ya kuitazama jiometri kupitia migeuzo ilipewa nguvu na Mjerumani Felix Klein mwaka 1872. Pembetatu zenyewe zilikuwa zimejadiliwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake.

3. Mada hii iko darasa gani?

Kwa mtaala wa zamani wa 8-4-4, uakisi, mzunguko, mfanano na ukuzaji viko Kidato cha Pili, kisha vinarudi Kidato cha Nne vikiwa na matriki (majedwali ya namba). Kwa mtaala wa umilisi, mfanano na ukuzaji huanza Gredi ya 9. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027, kwa hiyo nyumba nyingi sasa zina watoto wa mitaala yote miwili kwenye meza moja, na hesabu yenyewe haijabadilika.

4. Mbona pembe mbili tu zinatosha kuonyesha mfanano?

Kwa sababu pembe tatu za pembetatu hujumlishwa kuwa nyuzi 180. Ukishazijua mbili, ya tatu haina uhuru. Na pembetatu ikishafungwa pembe zake, kinachobaki kubadilika ni ukubwa tu, ambayo ni kazi ya ukuzaji.

Usiichukue kanuni hii ukaipeleka kwa maumbo ya pande nne. Mraba na mstatili mrefu zote zina pembe nne za nyuzi 90, na hakuna ukuzaji utakaoufanya mraba uwe mstatili.

## Kutambua mgeuzo uliotumika

5. Nimepewa pembetatu mbili kwenye grafu. Nianzie wapi?

Anza na kuoanisha kona. Wengi hukimbilia kuandika "ni mzunguko" kwa macho, kisha wanatafuta nyuzi za mzunguko usiokuwepo. Tafuta pembe kubwa ya kila pembetatu. Iko mkabala na upande mrefu. Kisha ndogo, mkabala na upande mfupi. Ziandike kwa mpangilio: ikiwa A inaoana na P, B na Q, C na R, basi sema ABC na PQR, kamwe si ABC na QRP.

Baada ya hapo jiulize mambo matatu, kwa mfululizo huu. Kizidishi ni ngapi? Pembetatu imepinduliwa? Imezungushwa nyuzi ngapi? Usogezaji uache mwisho, kwani huo unarekebisha tu mahali pa kutua.

6. Nitajuaje kama imepinduliwa, yaani kama kuna uakisi?

Weka kidole kwenye A, kipeleke B, kisha C. Kimezunguka kufuata mishale ya saa, au kinyume chake? Fanya vivyo hivyo kwa P, Q, R. Vikizunguka upande mmoja, hakuna uakisi unaohitajika. Vikizunguka pande tofauti, lazima uakisi uwemo, na huwezi kuukwepa kwa mzunguko wowote ule, kama vile akala ya kushoto isivyogeuka ya kulia hata uizungushe sakafuni mchana kutwa.

Ukiwa na karatasi nyepesi ya kunakilia, nakili pembe za pembetatu ya kwanza. Ikikubali kulala kwenye pembe za ile ya pili bila kuigeuza karatasi uso chini, hakuna uakisi. Jaribio hili la kidole au karatasi ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu linakata nusu ya majibu yasiyo sahihi kabla hujashika kalamu.

7. Nionyeshe mfano mmoja mzima, hatua kwa hatua.

Chora A(1, 1), B(4, 1), C(1, 3). Kisha P(6, 2), Q(6, 8), R(2, 2).

AB ina urefu wa 3, AC ina 2, na pembe ya A ni nyuzi 90. PQ ina 6, PR ina 4, na pembe ya P ni nyuzi 90. Uwiano ni 6 kwa 3 na 4 kwa 2: kizidishi ni 2. Kidole kutoka A kwenda B kisha C kinazunguka kinyume cha saa. Kutoka P kwenda Q kisha R, kinyume cha saa pia. Hakuna uakisi.

Sasa mzunguko. AB inaelekea kulia, PQ inaelekea juu. Kutoka kulia hadi juu ni nyuzi 90 kinyume cha saa. Zungusha ABC kwa nyuzi 90 kwenye asili ya grafu, yaani nukta (0, 0). Kila (x, y) inakuwa (−y, x). Tunapata (−1, 1), (−1, 4), (−3, 1). Kuza kwa 2 kutoka asili: (−2, 2), (−2, 8), (−6, 2). Linganisha na P, Q, R: kila nukta imebakiza hatua 8 kwenda kulia. Sogeza kwa 8 kulia, na pembetatu imetua.

Jibu: mzunguko wa nyuzi 90 kinyume cha saa kwenye (0, 0), ukifuatwa na ukuzaji wa kizidishi 2 kutoka (0, 0), kisha usogezaji wa 8 kulia na 0 juu.

8. Na kama R ingekuwa (10, 2)?

Acha P na Q zilivyo. Sasa PR inaelekea kulia badala ya kushoto. Urefu wote ni ule ule, kizidishi bado ni 2, pembetatu bado zinafanana. Lakini kidole kutoka P kwenda Q kisha R kinafuata saa. Uakisi umeingia.

Tumia mstari y = x kuwa kioo; kila (x, y) inakuwa (y, x). Tunapata (1, 1), (1, 4), (3, 1). Kuza kwa 2: (2, 2), (2, 8), (6, 2). Sogeza 4 kulia: (6, 2), (6, 8), (10, 2). Umefika, na hukuhitaji mzunguko.

9. Kitovu cha ukuzaji kinapatikana vipi?

Unganisha kila kona na mwenzake kwa rula, urefushe mistari. Inapokutana ndipo kitovu kilipo. Mistari miwili inatosha kukipata. Wa tatu ni wa kukagua.

Njia hii ina sharti ambalo husahaulika: pande zinazooana lazima ziwe sambamba. Kwenye mfano wa swali la 7, ukiunganisha A na P, B na Q, C na R, utapata fujo, kwa sababu pembetatu imezungushwa pia. Mstari wa tatu ukikataa kupita pale miwili ilipokutana, usilaumu rula. Ama umekosea kuoanisha kona, ama si ukuzaji pekee.

10. Kizidishi kikiwa chini ya 1, au kikiwa hasi?

Kikiwa kati ya 0 na 1 pembetatu inapungua, na bado jina lake ni ukuzaji. Kikiwa hasi, picha inatua upande wa pili wa kitovu, imesimama kichwa chini. Kizidishi cha −2 ni sawa na kuzungusha nyuzi 180 kwenye kitovu kisha kukuza kwa 2. Angalia kwa kidole: mwelekeo wa kona haubadiliki. Kwa hiyo "kichwa chini" hakumaanishi "imepinduliwa", na hapa wanafunzi wazuri kabisa huteleza.

Utakutana na kizidishi hasi mara nyingi kwenye mchoro wa herufi X kati ya mistari miwili sambamba. Pembetatu ya juu na ya chini zinafanana, na kitovu ni pale mistari inapokatana.

## Kwenye mtihani

11. Nieleze mgeuzo kwa maneno gani nipate alama zote?

Kila mgeuzo una vitu vyake vya kutajwa, na kimoja kikikosekana maelezo hayajakamilika. Mzunguko: kitovu, nyuzi, na mwelekeo. Uakisi: mstari wa kioo. Ukuzaji: kitovu na kizidishi. Usogezaji: vekta, yaani hatua ngapi kulia na ngapi juu. Kuandika "imezungushwa kisha ikakuzwa" ni kusimulia, na msahihishaji hana pa kuweka tiki.

Soma pia swali lenyewe limeomba nini. Likisema "mgeuzo mmoja", jibu la hatua tatu halifai hata kama linafika. Tazama swali la 19.

12. Jibu langu halilingani na la kitabu, lakini pembetatu yangu inatua vizuri. Nani yuko sahihi?

Huenda nyote wawili. Njia za kufika ni nyingi mno. Kwenye swali la 7 ungeweza kuanza kwa kukuza, au kuzungusha kwenye kona A badala ya asili. Kitakachobadilika ni vekta ya usogezaji. Ambavyo havibadiliki, mradi kizidishi chako ni chanya na kona zimeoanishwa vile vile, ni kizidishi chenyewe, nyuzi za mzunguko pale ambapo hakuna uakisi, na kama kuna uakisi au la. Hivyo ndivyo vya kulinganisha na kitabu.

13. Je, mpangilio wa hatua una maana?

Mzunguko na ukuzaji kwenye kitovu kimoja, hapana, tanguliza unaotaka. Usogezaji na ukuzaji, ndiyo, sana. Kwenye swali la 7 tulikuza kisha tukasogeza 8. Ukisogeza 8 kwanza halafu ukakuza kwa 2, hizo 8 nazo zitakuzwa ziwe 16, na pembetatu itapita mahali pake. Ungetaka kuanza na usogezaji kabla tu ya kukuza, ungesogeza 4.

14. Mvuto na mkato je? Navyo tumefundishwa kuwa ni migeuzo.

Ni migeuzo, ila havilindi mfanano. Mvuto hutanua upande mmoja tu. Ni ile picha ya mtu uliyoivuta pembeni kwenye simu akanenepa ghafla. Mkato husukuma juu ukaacha chini, na eneo linabaki lile lile huku pembe zikiharibika. Ukilazimika kutumia mojawapo ili pembetatu itue, na hakuna njia nyingine, basi hazifanani.

15. Matriki inaniambia nini kuhusu mfanano?

Mengi, kwa haraka. Mzunguko na ukuzaji wa swali la 7 kwa pamoja ni matriki yenye safu ya kwanza 0, −2 na ya pili 2, 0. Determinanti yake, yaani 0 × 0 toa −2 × 2, ni 4. Uakisi na ukuzaji wa swali la 8 ni 0, 2 na 2, 0. Determinanti ni −4. Ukubwa wa namba hiyo ni kizidishi cha eneo, yaani 2 mara 2. Alama ya hasi ni ile kazi ya kidole ya swali la 6: kuna uakisi. Lakini tahadhari, mvuto pia unaweza kutoa determinanti ya 4, kwa hiyo namba hiyo peke yake haithibitishi mfanano.

## Nje ya darasa

16. Naweza kweli kupima urefu wa mti kwa kivuli?

Unaweza. Miale ya jua hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kijiti na mti vinatengeneza pembetatu mbili zenye pembe sawa, mradi vyote vimesimama wima kwenye uwanja tambarare. Kijiti cha mita 1 kikitoa kivuli cha mita 1.4, na kivuli cha mti kikiwa mita 16.8, kizidishi ni 12, na mti una mita 12. Pande zao ni sambamba na zinaelekea upande mmoja, hivyo ukuzaji pekee unatosha. Vipime kwa wakati mmoja, jua halisubiri.

Kwetu kuna jambo la kuangalia. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, nayo Ikweta inavuka barabara ya kwenda Busia pale Maseno. Siku za mwisho wa Machi na za Septemba, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, jua hupita utosini na kivuli karibu kitoweke. Kosa la nusu sentimita hapo linakuwa kosa la mita kwenye jibu. Mwezi Juni saa hiyo hiyo kivuli ni karibu 0.43 ya urefu, afadhali kidogo. Ninapendelea saa tatu asubuhi.

Usijaribu kwa Kit Mikayi, ule mwamba mrefu ulio karibu na Kisumu. Mawe yale yamepandana, kivuli hakianzi chini ya kilele, na huwezi kufika kwenye nukta iliyo wima chini ya kilele ili upime kutoka hapo. Pembetatu ipo, lakini upande wake mmoja umezikwa ndani ya mwamba.

17. Ramani na shamba vina uhusiano gani na haya?

Ramani ni ukuzaji wenye kizidishi kidogo sana. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500 ardhini. Barabara ya sentimita 3.5 ni kilomita 1.75. Pembe unayoipima kwa protrakta kwenye karatasi ndiyo pembe iliyoko nje.

Maeneo ndiyo hutatiza. Kwenye ramani ya mashamba ya 1:2,500, sentimita 1 ni mita 25, lakini sentimita mraba 1 ni mita mraba 625. Chukua shamba la pembetatu lenye pande za sentimita 3 na 4 zinazokutana kwa nyuzi 90. Ni sentimita mraba 6, yaani mita mraba 3,750, pungufu kidogo ya ekari, ambayo ni kama 4,047. Mtu akizidisha 6 kwa 2,500 atapata shamba ambalo hakuna ofisi ya ardhi itakayomtambulia.

Ramani hupima mlalo. Kwenye uwanda wa Kano hilo halina shida. Ukipanda mteremko wa Nandi kwa futi ya kupimia, pembetatu utakayoipata ardhini haitafanana sawasawa na ile ya karatasini.

## Pale panapokwama

18. Pembetatu ndogo iko ndani ya kubwa na zinashiriki kona. Nifanyeje?

Zichore kando, kila moja peke yake, na uandike herufi zake. Tuchukue ile inayorudi kila mwaka: pembetatu ABC yenye nyuzi 90 kwenye C, AC = 3, CB = 4, AB = 5. Kutoka C shusha mstari unaokutana na AB kwa nyuzi 90, uguse D. Urefu wake ni 2.4, AD ni 1.8 na DB ni 3.2.

Sasa kuna pembetatu tatu, na zote zinafanana. Kati ya kubwa ABC na ndogo ACD, kona A inajioana yenyewe, B inaoana na C, na C inaoana na D. Jaribu kidole: mwelekeo umegeuka. Akisi kwenye mstari unaogawa pembe A katikati, kisha kuza kutoka A kwa 3/5.

Kati ya zile ndogo mbili mambo ni mepesi zaidi. ACD inakwenda CBD kwa mzunguko wa nyuzi 90 kwenye D, na ukuzaji wa 4/3 kutoka hapo hapo D: 1.8 inakuwa 2.4, na 2.4 inakuwa 3.2.

Pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa, ina vituko vyake pia. Kwa kuwa kona mbili zinaweza kubadilishana, unaweza kuoanisha kwa njia mbili, moja yenye uakisi na nyingine isiyo nao, na zote ni sahihi. Yenye pande tatu sawa ina njia sita.

19. Je, kila mfanano unaweza kupunguzwa uwe hatua moja yenye kitovu kimoja?

Karibu kila mmoja. Kama kizidishi si 1, daima kuna nukta moja isiyosogea, na mgeuzo wote unaweza kuelezwa kutoka hapo: mzunguko na ukuzaji kwa pamoja, au uakisi na ukuzaji kwa pamoja.

Kwenye swali la 7 kanuni nzima ilikuwa (x, y) kwenda (−2y + 8, 2x). Nukta isiyosogea inatimiza x = −2y + 8 na y = 2x. Weka ya pili ndani ya ya kwanza: x = −4x + 8, hivyo x = 1.6 na y = 3.2. Simama kwenye (1.6, 3.2), zungusha ABC nyuzi 90 kinyume cha saa, kuza kwa 2, na itaangukia PQR bila usogezaji wowote. Kwenye swali la 8, hesabu ile ile inatoa (−4/3, −8/3), na kioo ni mstari y = x − 4/3 unaopita hapo.

Kizidishi kikiwa 1 ndipo ahadi hii inavunjika. Mzunguko bado una kitovu, lakini usogezaji mtupu hauna nukta inayobaki mahali pake, na uakisi ulioambatana na usogezaji kandokando ya kioo hauna pia. Hapo pembetatu zako ni za ukubwa mmoja, na hatua zitabaki kutajwa kama zilivyo.